Bei ikipaa si sawa na bei ikiruka

Katika habari za biashara za Kiingereza zinazotufikia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, bei haipandi tu. Kuna 'soar', neno la ndege anayepaa. 'Surge', la wimbi linalosukuma. 'Spike', la ncha kali kama ya msumari. 'Skyrocket', la fataki iliyorushwa angani. Kwa yote hayo, wahariri wengi wa Kiswahili wana dawa moja: andika "imeongezeka", taja kiasi, endelea na habari nyingine.

Hoja yao ina uzito. Bunga, yaani unga, hapa hununuliwa kwa meka, kipimo kidogo cha rejareja. Mama akisikia asubuhi kwamba bei "imelipuka", atakopa anunue ya wiki nzima, na mwenye duka ataficha mifuko aingoje kesho. Jioni habari imekuwa kweli kwa sababu ilitangazwa. Tena kitenzi kikali mara nyingi hufunika tarakimu ambayo mwandishi hakuitafuta.

Lakini wanaodhani kwamba vitenzi hivi ni mapambo tu hawavisomi vizuri. Kila kimoja kina umbo. Ncha ya 'spike' ina pande mbili, mpando na mshuko. Anayelitumia kwa uangalifu anamwonya msomaji kwamba huenda bei ikarudi. 'Soar' haina onyo hilo. Ukitafsiri yote mawili kwa "imeongezeka", umetupa nusu ya habari, na ndiyo nusu anayoihitaji mtu mwenye fedha kidogo mkononi. Wala Kiswahili hakiogopi picha: hata benki husema mfumuko wa bei, na kufumuka ni kitenzi cha mshono unaoachia.

Tazama kobalti, madini ya betri, ambayo mimi huirudia kila mjadala huu unapozuka. Mwaka 2016 tani moja ilikuwa karibu dola 25,000. Machi 2018 ilifika karibu 95,000, kwa matumaini ya betri za magari ya umeme. Mapema 2019 ilikuwa imerudi karibu 30,000. Watu walikuwa wameacha mashamba wakaenda kuchimba Kolwezi, mji wa migodi. Wengine walinunua pikipiki kwa mkopo wakihesabu bei ya Machi. Sasa fikiria walisikia neno gani. "Imeongezeka" haikuwaambia kitu. "Imepaa" iliwaambia vibaya zaidi, maana katika mji wa makanisa kama huu Kupaa ni sikukuu: aliyepaa yuko juu, hatumtazamii kesho asubuhi. Neno lililohitajika lilikuwepo, tena la kila siku: imeruka. Mtoto anajua kwamba kilichoruka kitatua. Lisingemzuia kila mtu kwenda Kolwezi, sidai hivyo, ila lingemfanya mmoja aulize itatua lini kabla ya kutia sahihi mkopo.

Shaba ilifanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo: Mei 2024 ilipita dola 11,000 kwa tani kwenye soko la London, na mwanzoni mwa Agosti ilikuwa chini ya 9,000. Iliruka.

Kwa hiyo hofu ya wahariri naielewa, lakini dawa yao naikataa. Kinachotisha soko ni kitenzi kisicholingana na jambo, na "imeongezeka" nayo inaweza kutolingana. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo pale Kasumbalesa kwa siku chache katika mzozo wa biashara ya vinywaji. Bidhaa ikipanda kwa sababu kama hiyo, sema imeruka, na sema malori yamesimama wapi. Ukame ulioikumba Zambia mwaka huohuo ni jambo jingine. Mahindi ambayo hayakuvunwa hayako kwenye lori lolote. Hapo hata mimi ningechukua kitenzi cha wahariri, imeongezeka, na baada ya kiasi ningeongeza kwamba mavuno mengine ni mwakani, kuanzia Aprili.