Mtoto Alipotulia Mikononi Mwangu

Huu ni mwaka wangu wa sita Michigan, Marekani, nikizitembelea majumbani familia zenye watoto wachanga. Kabla ya hapo nilikuwa muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto kwetu nyumbani, Afrika Mashariki. Watu wakiniuliza tofauti niliyoikuta, hutarajia nitaje vifaa. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye namna mhudumu anavyofundishwa kazi.

Nyumbani, mafunzo maana yake ukumbi. Siku tano za slaidi, kitini, cheti, na Jumatatu unarudi kwenye foleni ileile. Hatua za makuzi ya mtoto nilizijua zote kwa kichwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini mama anaponitazama kwa hofu.

Huku semina zipo pia, ila kiini cha mafunzo ni saa moja kila wiki na msimamizi wangu. Neno hilo lilinitisha. Kwetu msimamizi akija, ni ukaguzi: rejista zitolewe, kadi zihesabiwe. Huyu hakuomba rejista. Alitaka nimsimulie familia moja tu.

Nikamsimulia kwa fahari. Mama kijana, mtoto wa miezi mitatu analia, mama kaduwaa. Nikamchukua mtoto, nikamlaza begani, nikamwimbia, akanyamaza. Msimamizi akatulia kidogo, kisha akauliza: "Mtoto alipotulia mikononi mwako, mama yake alikuwa anatazama wapi?"

Sikujua. Nilikuwa sijamwangalia.

Juma lililofuata nilikaa sakafuni karibu na yule mama, mikono nikaiweka magotini. Mtoto akaanza kulia. Dakika zile zilikuwa ndefu, maana mikono ilikuwa inaniwasha kumnyakua. Nikasema tu, "Anakutafuta wewe kwa macho." Mama akainama, akamtazama, akampakata. Mtoto hakunyamaza upesi. Mama naye hakumwachia.

Tangu siku ile huwawaza akina mama wote niliowapokonya watoto wao mbele ya foleni, kwa nia njema kabisa, ili niwaonyeshe inavyofanywa. Na wale niliowafokea kwa sababu uzito haukupanda. Asubuhi hiyohiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimefokewa na mkubwa wangu. Mhudumu asiyesikilizwa na mtu atapata wapi masikio ya kumsikiliza mama?

Wapo wanaoniambia nyumbani hatuhitaji haya, kwa kuwa sisi tunajuana. Sikubaliani nao. Mama akijua kwamba muuguzi anafahamiana na mama mkwe wake, ndiyo kwanza anafunga mdomo. Kujuana ni jambo moja, kuaminiana ni jingine, na hilo la pili hufundishika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu ya elimu hii, ya kumtazama mama na mtoto wake kwa pamoja, ilichimbwa kwetu Afrika Mashariki. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954, akawa anakwenda kwenye vijiji vya karibu na Kampala, kwa familia 26, anakaa na akina mama, anatazama watoto wanavyowafuata na kuwarudia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967, na hadi leo wataalamu wa huku wanasomeshwa alichokiona pale. Sisi tuliobaki na vijiji vyenyewe tunasomeshwa kujaza kadi.

Huku nako si kwamba mambo yote ni mazuri. Makaratasi ni mengi, na familia zikizidi, saa ile ya msimamizi ndiyo ya kwanza kuliwa. Lakini saa hiyo haihitaji mashine wala jengo. Inahitaji muuguzi mzoefu aliyefundishwa kusikiliza, mlango uliofungwa, na ruhusa ya mganga mfawidhi.

Mwezi uliopita dada mmoja niliyefanya naye kazi alinipigia simu. Akanieleza habari za mama aliyeondoka kliniki bila kusema neno, na mtoto mgongoni. Nilitaka kumshauri, nikajizuia. Nikamuuliza, "Na wewe, dada, alipotoka ulibaki na nini moyoni?" Kimya kikapita, nikadhani mtandao umekata. Kisha akaanza kuongea, tukafika karibu saa nzima.