Bili ya gesi Akron, kisima Mtwara

Nilipohamia Akron, Ohio, bili ya gesi ya majira ya baridi nililipa bila kuisoma. Ni jirani yangu, mzee mstaafu, aliyeniambia kwamba mji huu uliwahi kubishana na kampuni ya gesi juu ya bei, na ukashinda. Nikaitafuta hukumu yenyewe. Nimeisoma zaidi ya mara moja.

Mwaka 1938 Cleveland na Akron zililalamika mbele ya tume ya serikali ya shirikisho kwamba kampuni ya Hope Natural Gas, iliyokuwa ikitoa gesi West Virginia, inaiuzia ghali mno kampuni dada inayosambaza Ohio. Kampuni ilidai mali yake ina thamani ya dola milioni 66. Tume ikahesabu fedha zilizowekezwa kweli, ikaondoa uchakavu, ikapata kama nusu ya hapo, kisha mwaka 1942 ikaagiza bei ipunguzwe kwa zaidi ya dola milioni 3.6 kwa mwaka. Januari 1944 Mahakama ya Juu ikaiunga mkono tume. Jaji William O. Douglas aliandika kwamba kinachopimwa ni matokeo: kampuni ikipata cha kujiendesha na cha kuvutia wawekezaji, haijadhulumiwa.

Kama mlipa bili, nafurahi. Lakini mimi ni mtoto wa Mtwara, kusini mwa Tanzania, kunakochimbwa gesi, na katika hukumu ile jicho langu huenda kwa West Virginia. Jimbo hilo lilifika mahakamani likisema bei ndogo kisimani inalikosesha mapato, na gesi yake inaondoka. Hoja yake ilikataliwa. Jaji Robert Jackson, aliyepinga hukumu, alikumbusha kuwa gesi ikishachomwa hairudi, hivyo haifai kupangiwa bei kama huduma nyingine.

Mwaka 2013 sisi wa Mtwara tulilisema hilo barabarani, tukipinga gesi yetu kupelekwa Dar es Salaam: gesi haitoki. Watu walikufa. Mwaka 2015 bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa, na mama yangu bado anapikia mkaa.

Nyumbani hatukosi vyombo vya kudhibiti bei. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ipo, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Ninachokionea wivu hapa ni kwamba mlalamikaji alikuwa mji wenyewe, ukiwa na wanasheria na mahesabu yake mkononi. Natamani halmashauri zetu za kusini ziingie kwenye vikao vya bei namna hiyo, zikiwa na wahasibu wao, na zisizungumzie bei ya mtumiaji wa Dar pekee. Ziulize pia kisima kinaachiwa nini. Hilo la pili Wamarekani walilikataa, na mimi naona walikosea.

Juzi nilimsimulia mama habari hizi kwa simu. Akaniuliza, "Na hao wa kwenye visima, mwanangu, walipata nini?"