Redio chini ya ngozi ya panya

Presha ya panya hupimwa mkiani. Ndiyo njia ya zamani, na maabara nyingi bado zinaitumia. Panya anaingizwa kwenye kibomba cha plastiki kinachombana asigeuke, mkia unabaki nje, unapashwa joto ili damu ijae, kisha unavishwa kipete kinachojazwa upepo, mfano wa ule mkanda tunaofungwa mkononi kliniki. Panya hutetemeka humo ndani, hukojoa, hujaribu kurudi kinyumenyume. Mwishowe mashine inatoa namba. Lakini namba ya nini? Sote tunamjua mtu ambaye presha yake nyumbani haina neno, ila akiliona koti jeupe inapanda. Panya hajui koti jeupe ni nini, lakini kubanwa anakujua.

Ndipo kikaja kipandikizi kisichotumia waya. Kwetu neno hilo likitajwa wengi wanawaza vile vijiti vya uzazi wa mpango. Hiki ni kitu kingine kabisa. Ni kidude chenye kihisio, betri na kirusha mawimbi. Kwa panya mdogo, yule wa gramu 20 hadi 30, mtaalamu humlaza kwa nusukaputi, humpasua shingoni, huingiza mrija mwembamba kama uzi kwenye ateri, kisha hufungua njia chini ya ngozi hadi ubavuni na kukilaza kidude hapo. Jeraha linashonwa, dawa ya maumivu inachomwa, na baada ya wiki moja hivi mnyama yuko kwenye maranda yake, anakula na kukimbia. Chini ya kizimba kuna sahani inayopokea mawimbi. Kidude huwashwa kwa sumaku inayopitishwa karibu na ubavu wa panya, na aina zilizozoeleka zaidi hurusha kwenye masafa ya chini kiasi kwamba fundi hukagua kama kimewaka kwa redio ndogo ya AM, ile ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Akiisogeza kizimbani, inakoroma.

Kilichosikika baada ya hapo kiliwaumbua watafiti kuliko panya. Panya ni mnyama wa usiku. Mchana, wakati wanasayansi wako kazini, yeye ndio kwanza amelala. Kipandikizi kinaandika saa 24, na kikaonyesha kuwa kipimo cha saa nne asubuhi ni kipimo cha mnyama aliyekatizwa usingizi. Kumhamishia panya kizimba safi tu, kazi ambayo mtunzaji huifanya mara kwa mara bila kuifikiria, kunapandisha mapigo ya moyo na presha kwa saa nzima au zaidi.

La baridi ndilo zito zaidi. Vyumba vya panya huwekwa nyuzi 20 hadi 24, joto linalomfaa binadamu aliyevaa koti. Panya mdogo huwa na raha kwenye nyuzi 30 hivi. Akihamishiwa huko, moyo wake hupunguza zaidi ya mapigo 100 kwa dakika. Kwa hiyo yale mapigo 500 au 600 yaliyozoeleka kama kawaida yake ni, kwa sehemu, mapigo ya kiumbe anayehangaika kujipasha joto. Angeulizwa, angeomba ahamie Dar es Salaam mwezi wa pili, wakati sisi tunagombania feni. Bila kidude kile, kosa hili lingekuwa gumu mno kulinasa, maana kila anayekwenda kumpima panya anapeleka na mfadhaiko wake.

Haishangazi basi kwamba mwaka 2005 wataalamu wa Chama cha Moyo cha Marekani, katika mapendekezo yao kuhusu upimaji wa presha kwa wanyama wa majaribio, waliipa njia hii ya mawimbi nafasi ya juu pale panapohitajika kipimo cha muda mrefu na makini. Watetezi wake wanaongeza hoja ya idadi. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliweka kanuni ambazo mpaka leo ndizo msingi wa maadili ya maabara: mbadala wa mnyama ukipatikana utumike, idadi ipunguzwe, na mateso yapunguzwe. Panya mwenye kipandikizi hupimwa kabla ya dawa, siku ya dawa na wiki baada ya dawa. Analinganishwa na nafsi yake mwenyewe. Badala ya kundi kubwa, wachache wanatosha.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kunitatiza. Kanuni ya pili na ya tatu zinazungumzwa kama ndugu, lakini hapa zinagombana. Wanyama wamepungua, ndiyo, ila kila aliyebaki amebeba zaidi. Tena kubeba kwenyewe si kwa mfano. Kidude kimoja kinachotumika sana kwa presha ya panya mdogo kina gramu 1.4. Kwa mnyama wa gramu 25, hiyo ni sawa na mtu wa kilo 70 kushonewa chini ya ngozi mzigo wa karibu kilo 4, asiutue hata akilala.

Halafu kuna upweke. Vidude vya aina ya zamani hurusha kwenye masafa yaleyale, kwa hiyo panya wawili wenye vipandikizi ndani ya kizimba kimoja huingiliana kama stesheni mbili zinazogongana usiku. Suluhisho rahisi limekuwa kila panya kukaa peke yake. Ila panya hulala kwa kurundikana, na kurundikana ndiko kunakompa joto. Mtenge kwenye chumba cha nyuzi 22 na umemwongezea baridi ileile ambayo kipandikizi kilikuja kutufumbua macho juu yake! Kwangu mimi hili ndilo doa kubwa la teknolojia hii, na halina udhuru tena, kwa kuwa vipo vidude vya masafa tofauti, na hata bila hivyo unaweza kumpa panya mwenza asiyepandikizwa kitu. Madume waliotenganishwa wakirudishwa pamoja hupigana na kufumua nyuzi za jeraha, hilo ni kweli. Lakini hilo ni suala la kupanga mapema.

Tukumbuke pia kwamba kipimo safi kutoka kwa mnyama asiyefaa bado hakifai. Moyo wa panya mdogo unajitayarisha kwa pigo lijalo kwa namna tofauti na wetu, ndiyo maana dawa inayoshukiwa kuvuruga mpangilio wa umeme wa moyo hupelekwa kwa mbwa au kwa simbilisi. Usahihi wa kidude hauponyi tatizo hilo.

Si kila kipandikizi kinadai kisu, lakini. Chukua malaria. Kimelea kinachotumika sana kwa panya wa maabara, Plasmodium berghei, kilitolewa kwa panya wa porini huko Katanga mwaka 1948, na dawa nyingi za malaria zimejaribiwa dhidi yake kabla ya kufika kwa binadamu. Panya anayeelekea kufa kwa malaria ya ubongo hupoa mwili. Ukilinasa joto lake likishuka, unaweza kumuua kwa upole kabla ya degedege na saa zake za mwisho. Kwa kazi hiyo inatosha chipu ndogo kama punje ndefu ya mchele, inayochomwa chini ya ngozi kwa sindano nene, isiyo na betri, inayosomwa kwa kifaa kilichosogezwa karibu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 kuhusu wanyama wa majaribio yenyewe imetofautisha: chipu isiyohitaji upasuaji imo kwenye daraja la ukali mdogo, upasuaji wa nusukaputi wenye maumivu baadaye umo kwenye daraja la wastani. Anayempasua panya ili apate joto la mwili tu ana swali la kujibu. Anayetafuta presha ya siku thelathini mfululizo simlaumu, mradi panya wake asiwe mpweke wala asitetemeke kwa baridi.

Gharama nayo ina yake. Vidude hivi ni ghali, kwa hiyo panya akishauawa mwisho wa jaribio, kidude hutolewa, huoshwa, huuliwa vijidudu na kusubiri mnyama mwingine. Mrija huweza kuziba kwa damu, kihisio kikaanza kupotoka, betri ikafa njiani. Panya ambaye kidude chake kimenyamaza siku ya tatu amepasuliwa bure, na ni rahisi mno kumwacha nje ya jedwali. Ningetaka kila ripoti iseme wangapi walipasuliwa, wangapi walitoa namba hadi mwisho, na wangapi walilala peke yao. Ile hoja ya "panya wachache" nitaipokea nikishaziona namba hizo tatu.