Boriti kati ya kuta zisizolingana mstari: tuunganishe au tuache?

Tetemeko la Machi 27, 1964 huko Anchorage, Alaska, liliacha nyufa zenye umbo la X kwenye boriti fupi zilizounganisha kuta za majengo mawili pacha ya ghorofa 14. Baadaye Thomas Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, alionyesha kuwa boriti fupi hivyo haziokolewi na ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) na nondo za mlalo. Zinahitaji nondo za mshazari. Leo kanuni za Marekani, ACI 318, huzilazimisha pale urefu wa boriti usipofika mara 2 ya kimo chake na mkato, yaani nguvu inayotaka kuikata boriti, ukiwa mkubwa.

Yote hayo yanadhani kuta mbili za kiini (sehemu ya jengo yenye lifti na ngazi) zimesimama kwenye mstari mmoja. Msanifu akisogeza ukuta mmoja milimita 150 ili kupisha bomba au mlango wa lifti, je, bado tuziunganishe?

Sababu za kuunganisha ni nzito. Kuta zilizoungana hufanya kazi kama ukuta mmoja mpana: jengo haliyumbi sana, na boriti huumia kabla ya kuta. Ukiziacha, huenda ukahitaji kuta nene zaidi, na mwenye jengo anapoteza nafasi.

Lakini piga hesabu. Boriti yenye mkato wa kilonewton (kN) 800, kuta zikipishana mita 0.15, inazaa msokoto wa kilonewton-mita (kNm) 120. Ghorofa 20 za namna hiyo zinajumlisha kN 16,000 za mvuto upande mmoja na mgandamizo upande wa pili, na kwa kuwa nguvu hizo hazimo kwenye mstari mmoja, chini unapata kNm 2,400 zinazopinda kuta upande wao dhaifu. Programu ya kompyuta ya kukokotoa jengo haitakuambia hayo ikiwa mhandisi amevuta nodi zote (pointi za maungio) kwenye mstari mmoja ili modeli ikubali.

Saiti nako kuna shida. Kuta za milimita 300 zinabaki na milimita 150 tu za kukutana. Toa kava (zege linalofunika nondo) pande zote, toa nondo za wima za mwisho wa ukuta: fungu la nondo za mshazari halina pa kupita. Fundi atalikunja lipite. Nondo iliyokunjwa ikivutwa hutaka kunyooka, na zege linabanduka.

Kwa maoni yangu, unganisha pale tu miisho ya kuta inaponenepeshwa hadi milimita 450, boriti nayo iwe pana hivyo, na msokoto ukaguliwe mpaka ndani ya ukuta. Msanifu akikataa, ondoa boriti kabisa, ibaki slabu (sakafu ya zege) iliyokaguliwa kuhimili mzunguko, yaani kupindwa kuta zinapoyumba. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni boriti inayowekwa "kwa usalama" bila kuingizwa kwenye hesabu. Ni ngumu, kwa hiyo itabeba mzigo hata usipoipangia, na itapasuka juu ya njia ambayo watu watakimbilia kutoka.