Vijana, wageni na ngoma zetu: tuonyeshe nini, tuache nini?

Siku hizi vijana wa Mtwara na Lindi wanaenda nje na wageni wanakuja huku kwa hizi programu za kubadilishana. Wajerumani wana mpango wao wa weltwärts ulioanza 2008, mwanzo ulikuwa wa kuleta vijana wao tu, kuanzia 2013 na wa kwetu wanaweza kwenda kujitolea kule. Na kokote watakapokutana haikosi jioni ya utamaduni, kila mtu aonyeshe cha kwao. Wapo wanaosema hiyo ndo itaokoa mila zetu, na wapo wanaosema tunauza siri za wazee.

Hao wa kwanza mi nawaelewa sana. Kijana aliyekua na bibi yake nyumba moja na hajawahi kumuuliza chochote, akiambiwa anasafiri anaanza kumfuata bibi jikoni, bibi ngoma hii mlikuwa mnacheza lini, wimbo huu una maana gani. Anaenda kwa wapiga ngoma anakuta ngoma inapashwa moto kwanza mpaka ngozi ikaze, mzee anaigonga anasikiliza, anairudisha tena motoni, bado. Hayo hayapo kwenye simu. Kama safari ya Ulaya ndo imemfanya akae pale na wazee, mi siwezi kuipinga.

Ila angalia wenzetu wanaonyesha nini. Wanaleta biskuti za Krismasi, nyimbo, picha za kwao. Sisi tunaombwa jando na unyago, tunaombwa mapiko, vile vinyago vya kuvaa vya ngoma za Wamakonde. Hapo hatujalingana kabisa. Lipiko anayelivaa analiingiza kichwani lote, anaonea mdomoni mwa kinyago, na zamani wanawake na watoto hawakutakiwa kujua ni nani yumo ndani, kwao ule ulikuwa mzimu umetoka. Sasa dogo anavaa ukumbini, akimaliza anavua mbele za watu, anapiga selfi. Mzee wa Newala akiona hiyo video anaumia, na ana haki ya kuumia.

Halafu kikitoka kimetoka. Kuna kinyago cha Kimakonde kiliibiwa makumbusho ya taifa Dar 1984, kikaja kuonekana makumbusho ya Geneva, kimerudi 2010. Hicho ni kitu cha kushikika na bado kimechukua miaka yote hiyo, video iliyosambaa utamdai nani?

Wanaotetea watasema mbona sindimba yenyewe, ngoma ya Wamakonde, imetoka huko huko kwenye mila, leo inachezwa mashuleni nchi nzima na hakuna aliyedhurika. Kweli. Tena Wamakonde walishaonyesha njia kitambo, vile vinyago vya ujamaa vya mpingo, watu wamebebana, vilichongwa vya kuuza, na lipiko la ngomani likachongwa kwa mti mwepesi maana mtu anacheza nalo kichwani. Najua mapiko nayo yameuzwa sana, lakini mchongaji alijua kipi ni cha mnunuzi na kipi cha ngoma, na mi naona vijana wetu wafundishwe hivyo hivyo. Bao waonyeshe, ming'oko, vile viazi vya porini, wapike, hadithi wasimulie, sindimba wacheze. Ya ndani ya unyago waulizwe makungwi kwanza, wakisema hapana iwe hapana, na mgeni aambiwe wazi kwamba hili haliombwi.

Ila siri nayo isiwe kichaka. Mgeni akiuliza mbona mabinti wadogo wanachezwa unyago, mbona wengine shule inaishia hapo, kijana ajibu kwa ukweli, maana hata sisi wenyewe tunabishana kuhusu hilo na siyo siri ya ngoma.

Na kitu kinachoniuma zaidi ni malipo. Tiketi inalipwa, hoteli inalipwa, mzee aliyefundisha wiki nzima anapewa soda na nauli! Sheria ya hakimiliki ya 1999 inazitambua hizi sanaa za jadi, kwa hiyo hatuombi hisani. Anayeandaa programu aweke fungu la wazee kwenye bajeti tangu mwanzo, na simu zikubaliwe nao kabla ngoma haijapigwa, kipi kirekodiwe na kipi hapana.