Pesa za Hisa 21

Ieleweke kwanza kwamba sikuwahi kumwambia mtu nakijua Kifaransa. Nilisema naelewa. Tofauti ya maneno hayo mawili niliilipia Jumapili moja ndani ya sinema ndogo ya Quartier Latin, Paris, mbele ya shangazi yangu na mzee mmoja Mkongo aliyekaa nyuma yetu.

Shangazi alikuja kutoka Tanga kumwuguza uzazi binti yake. Wiki ya tatu akachoka kufungiwa ndani na kichanga. Akanipigia simu: "Weye si ndiye mwenye Kifaransa? Njoo unitoe." Nikaona sinema ndiyo salama. Kuna joto, kuna viti, hakuna ngazi za kumfanya anilaumu kwa magoti yake. Mitaa ile ina visinema vya viti vichache vinavyoonyesha filamu ambazo waigizaji wake wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Mata Hari, agent H21, filamu ya mwaka 1964, nyeusi na nyeupe. Jeanne Moreau ndiye Mata Hari, na mwongozaji ni Jean-Louis Richard, aliyewahi kuwa mumewe. Haya nayajua leo. Siku ile nilichokijua ni bei ya tiketi.

Tulianza kugombana tangu kwenye bango.

"Mata nayajua, silaha za wawindaji," Shangazi alisema huku akifungua vifungo vya koti. "Na hari ndiyo hii inayonitoka humu ndani. Sasa mata na hari vinakutania wapi?"

"Ni jina tu, Shangazi."

"Jina lina maana. Utaniambia ndani."

Ndani, kabla ya filamu, akasimama mama mmoja mwenye miwani kutoa utangulizi. Kumbe ndio desturi yao. Aliongea dakika kama kumi, haraka, kama anayekimbizwa na mvua, na Shangazi akanitegea sikio. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

Kifaransa kina neno agent, yaani wakala, na kina neno argent, yaani pesa. Kinachoyatenganisha ni herufi r, tena si r yetu hii. Ni ile ya kooni, kama mtu anayetaka kukohoa halafu akaahirisha. Mimi ile r niliisikia mahali ambapo haikuwepo.

"Anasema kuna pesa," nikanong'ona. "Pesa H21."

Shangazi ni mweka hazina wa kikoba chao mwaka wa kumi na moja sasa. Ukitamka pesa karibu naye, hukai sawa tena. "H ndiyo nini?"

Mungu anisamehe, nilijibu bila hata kupepesa macho: "Hisa."

"Hisa ishirini na moja!" Akakaa vizuri kitini.

Yule mama akaendelea. Akataja renseignements, yaani taarifa, nami nikadaka enseignement, ambayo ni elimu. Akataja Deuxième Bureau. Hiyo nikaitafsiri neno kwa neno. Nilipomaliza kuunga, Shangazi alikuwa na kisa kilichokamilika: binti kasomeshwa kwa mkopo wa hisa 21, hajaleta marejesho, na sasa anasakwa na Idara ya Elimu, Ofisi ya Pili.

"Ofisi ya Kwanza je?"

"Hao walishamsamehe."

Nyuma yetu mtu akakohoa.

Taa zikazimwa. Ajabu ya filamu ile ni kwamba kila kilichotokea kilikubaliana na uongo wangu. Mata Hari akacheza ngoma yake mbele ya mabwana wenye nishani vifuani. "Anawababaisha wasimdai," Shangazi akasema. Akatokea kapteni kijana, Jean-Louis Trintignant, na nyaraka zake ambazo Mata Hari ametumwa azipate. "Huyo ndiye afisa mikopo?" Nikasema ndiye. "Na hizo karatasi?" Nikasema ndio mkataba. Basi Mata Hari alipoanza kumzunguka yule kapteni, Shangazi akawa anampa maelekezo kwa sauti ya msibani: "Uchane, mwanangu, uchane upesi kabla hajageuka!"

Watu wakatuzomea kwa ile "shhh" yao. Kule nyuma kikohozi kikawa kama cha mtu anayehitaji gari la wagonjwa. Nikageuka kidogo. Mzee mwenye kofia ya pama alikuwa kaziba mdomo kwa skafu, mabega yanaruka.

Halafu mambo yakaharibika, kwa sababu Mata Hari akampenda yule kapteni kwelikweli.

"Kampenda mdai wake?" Shangazi alinishika mkono kwa kucha. "Na weye unatulia tu?"

Sikuwa na jibu. Hata Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Nikaacha kutafsiri, nikajifanya nimezama kwenye filamu, nikiomba iishe kwa harusi. Lakini huyo ni Mata Hari, na mwisho wake haukuwa wa harusi. Askari walipojipanga na bunduki zao, nilisikia Shangazi akivuta pumzi.

"Wanamuua?"

"Naona hivyo."

"Kwa mkopo wa chuo?"

"Ndiyo, Shangazi."

Kimya. Kisha akageuka na kunitazama, uso wote, katika mwanga ule wa kijivu: "Na weye wako umeshamaliza kuulipa?"

Hapo yule mzee akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikamdondokea Shangazi mapajani. Akainama kwetu, akasema kwa Kiswahili, tena cha Bukavu: "Mama, nisamehe. Uyu mutoto anakudanganya tangu mwanzo."

Sijawahi kutamani giza la sinema lidumu kama siku ile.

Alitununulia kahawa, nadhani kwa kuniwekea sawa mambo, akamweleza Shangazi filamu yote upya. Kwamba agent ni jasusi, shushushu, na H21 ni alama aliyopewa na Wajerumani. Kwamba mwanamke mwenyewe alikuwa Mholanzi, Margaretha Zelle, aliyeolewa na afisa wa jeshi la kikoloni, wakaishi Java. Jina alilitoa kwenye Kimalay, ambako mata hari ni jicho la siku, yaani jua. (Shangazi alinitupia jicho la siku, la usiku na la kesho yake.) Kwamba Wafaransa walinasa kwenye mitambo ya Mnara wa Eiffel taarifa za Wajerumani kutoka Madrid kwenda Berlin zikimtaja H21, wakamkamata Februari 1917, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba wakampiga risasi Vincennes.

"Kwa hiyo hakuna pesa," Shangazi alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyedhulumiwa.

"Pesa ilikuwako, mama. Konsuli ya Wajerumani alimupa faranga 20,000. Yeye alisema si ya ujasusi, ni fidia tu. Makoti yake ya manyoya walimuzuilia Berlin wakati vita ilianza."

Shangazi akapiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Elfu ishirini! Alitia saini?"

Mzee hakujua.

"Ndiyo maana wakamuua. Huwezi kupokea elfu ishirini bila daftari." Akanywa kahawa, akaridhika, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke akanitazama kwa huruma. Nikaona nimesamehewa nusu. Halafu akakumbuka: "Na ile Ofisi ya Pili?"

Mzee akaanza kucheka upya. Akasema kwa Wafaransa Deuxième Bureau ilikuwa idara ya ujasusi ya jeshi, ila huko kwao Kongo mtu akikuambia bwana fulani ana deuxième bureau, ujue ana nyumba ndogo. Jioni anamwambia mkewe kazi zimemzidia ofisini, wala hasemi uongo, ila ofisi ndiyo hiyo ya pili.

Shangazi hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, akamrudishia mzee kofia yake, aliyokuwa bado ameishikilia tangu sinema, akamtazama kuanzia skafu mpaka viatu.

"Na weye, Mzee wangu," akasema, "leo Jumapili umeaga nyumbani unakwenda wapi?"