Vespa ya Mbeya isifungwe kama iko Dar

Niseme msimamo wangu mapema. Pikipiki ya Kitaliano inayoishi Mbeya, Iringa, Njombe au Makete haistahili kuongezewa chochote, iwe rangi mpya, ekzosi ya kelele au taa za mapambo, kabla haijazoeshwa hewa na milima ya huku. Kila mara nakutana na kijana aliyerithi Vespa ya babu yake, akaipaka rangi ikang'aa, akashona kiti kipya, halafu ikifika Mlima Nyoka pale Uyole inakohoa na kutoa moshi mpaka anashuka kuisukuma. Hela imekwenda kwenye kioo na rangi, injini imeachwa vilevile. Inaniuma, kwa sababu tatizo lake mara nyingi lingetatuliwa kwa bisibisi bapa na kipande cha shaba kidogo kuliko punje ya mahindi.

Yangu ni Vespa P150X, cc 150, gia nne za mkononi. Niliipata Iringa kwa familia ya mwalimu mstaafu, nayo naitengeneza mwenyewe nyumbani, nyuma ya jiko, jioni na mwisho wa wiki. Sina gereji wala cheti cha ufundi. Nina spana, fila geji ya kupimia nafasi ndogo, pula ya kung'olea flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na kranki), na hamu ya kujua kila kitu kinafanya kazi gani.

Vespa ilitoka kiwanda cha Piaggio, Pontedera, mwaka 1946. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege na hakuzipenda pikipiki za kawaida: zilimchafua mtu nguo, zilikuwa na mnyororo unaorusha oili, na pancha ilikuwa adhabu. Kwa hiyo akaificha injini chini ya bodi, akaiunganisha na gurudumu la nyuma bila mnyororo, akahamishia gia kwenye mkono wa kushoto, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu kama gurudumu la ndege. Ukiishi Rungwe, ambako mvua haina adabu na tope liko mpaka mlangoni mwa kanisa, unaelewa mara moja kwa nini mwalimu, katekista au karani wa zamani alikipenda chombo hiki. Rimu zake zimegawanyika vipande viwili na zinashikwa kwa nati. Unatoa upepo wote kwanza, unafungua nati, unabadili tyubu bila taya liva wala kupigana na tairi. Hapo sijaona cha kuboresha.

Cha kuboresha kiko kwenye pumzi.

Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Kabureta ya zamani haijui hilo. Haina sensa wala kompyuta. Ina tundu, na petroli inapita kwenye tundu kwa kipimo kilichopangwa kwa ajili ya nchi za chini. Hewa imepungua, petroli haikupungua kwa kiasi kilekile, basi injini inakula mafuta mengi kuliko hewa. Dalili zake ni zilezile kila siku: plagi nyeusi yenye masizi mabichi, moshi mwingi, na ukivuta mafuta mpaka mwisho pikipiki haichanganyi, inaguna tu. Ukimpelekea fundi asiyeijua Vespa atabadili plagi. Wiki ijayo atasema ringi zimekufa. Baadaye atasema bloku limekwisha. Nimeshaona bloku zima likichongwa upya wakati pistoni ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Kabureta ya P150X ni Dell'Orto SI 20/20, imekaa ndani ya kisanduku chini ya kifuniko cha pembeni upande wa kulia. Unatoa mfuniko wa kisanduku, unafungua skrubu mbili za chujio la hewa, na chini yake unaona vichwa vya jeti, yaani vipande vya shaba vyenye matundu ya kupimia petroli, vimekutazama. Huhitaji kushusha kabureta. Bisibisi bapa inatosha kutoa kijiti kizima cha jeti kuu: juu kuna kipande cha hewa kilichoandikwa 160, katikati kijiti chenye matundu kilichoandikwa BE3, na chini kabisa, imechomekwa tu, jeti yenyewe. Ya kiwandani mara nyingi ni 100, maana yake tundu la milimita 1.00. Kwa Mbeya mimi nimetua kwenye 95. Tofauti hiyo ya sehemu tano za mia moja za milimita ndiyo iliyoirudishia pikipiki yangu sauti yake.

Usichukue 95 kwa sababu nimeisema. Soma plagi yako mwenyewe. Panda mlima mrefu, gia ya tatu, mafuta yote, kwa muda wa kutosha injini kupata moto wa kazi. Halafu kwa pamoja bana klachi na uzime injini, uache pikipiki itembee yenyewe mpaka pembeni ya barabara. Fungua plagi ikiwa bado ya moto, kwa kitambaa. Kauri yake ikiwa rangi ya kahawia ya mbao iliyokauka, umepata. Ikiwa nyeusi, shuka namba. Ikiwa nyeupe kama chokaa, simama hapohapo, rudisha jeti kubwa, kwa sababu injini inakaribia kunoki. Mimi napenda kufanya hivi kwenye mpando wa kutoka Uyole kwenda Isongole asubuhi, malori yakiwa bado machache. Na jeti ikiwa kubwa, usiizibe kidogo kwa waya. Ikiwa ndogo, usiitoboe. Tafuta namba yake.

Watu wengi hapa hukosa nusu ya pili ya jambo hili. Kutoka Mbeya unashuka Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 470 hivi. Ndani ya asubuhi moja umeshuka zaidi ya mita 1,200. Jeti iliyokuwa sahihi Mbeya sasa inanyima injini petroli, na kwenye tustroki kama Vespa hii petroli ndiyo inayobeba oili. Joto la Kyela, hewa nzito, mafuta kidogo: hapo ndipo pistoni inapokwaruza silinda. Kwa hiyo natembea na vijiti viwili vilivyokamilika, kimoja cha juu na kimoja cha chini, kwenye kikopo cha filamu ya kamera. Nikifika Tukuyu nasimama, nakunywa chai, nabadili. Chai haijapoa kazi imekwisha.

Ndugu wa Iringa mna mtihani wenu, mteremko wa Kitonga. Pikipiki ya tustroki isiyo na pampu ya oili, ambayo unachanganya oili kwenye tangi, inapata ulainisho pale tu petroli inapoingia. Ukishuka Kitonga umefunga mafuta kabisa na injini inazunguka kwa kasi kwenye gia ili ikusaidie breki, pistoni inakwenda mbio ikiwa kavu. Kila baada ya muda bana klachi, vuta mafuta kidogo, achia. Mchanganyiko wangu ni mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani asilimia 2, napima kwa sindano kubwa ya plastiki na si kwa jicho. Oili yenyewe si shida huku kwetu. Wapasua mbao wa Mafinga na Njombe wanaitumia kila siku kwenye chenso, na maduka yanayowahudumia wao ndiyo yanayonihudumia mimi.

Kuna kitu kimoja lazima kitangulie hata hizo jeti, nacho ni sili za kranki, mipira inayozuia hewa na oili kupita pembeni ya mhimili wa injini. Zipo mbili. Ya upande wa flaiwili ikifa, injini inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta: sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa imetulia, inapanda yenyewe na haitaki kushuka, pikipiki inachemka, na mtu anazungusha skrubu ya kabureta kutwa bila kupata jibu. Ya upande wa klachi ikifa, injini inanyonya oili ya gia na kuichoma: moshi mweupe mzito, na oili ya gia inapungua bila tone kuonekana chini. Gia zinakaa na mililita 250 tu za SAE 30, basi ukimwaga na kupata kidogo mno, umeshajua mwizi. Sili ya flaiwili unaibadili bila kupasua injini, ukiwa na pula. Ya klachi inakulazimu kugawa injini vipande viwili. Ni kazi ya kutulia, meza safi, na picha za simu kila hatua. Lakini anayebadili jeti kwenye injini yenye sili mbovu anapima maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Baada ya hapo, ndiyo, tuongeze nguvu. Sipingi. Kuna seti za silinda za cc 177 kwa ajili ya injini hizi, na kampuni za Italia kama Polini na Malossi zimejijengea jina kwa vitu vya namna hiyo. Ulaya mtu huifunga ili apite wenzake. Huku ina maana nyingine kabisa. Ukichukua cc 177 ukatoa asilimia 15 ya hewa iliyopotea Mbeya, unabaki na kitu kama 150. Yaani pikipiki yetu inavuta hewa ileile ambayo cc 150 ingeivuta pwani. Tunarudishiwa kilichokuwa chetu. Kwa mtu anayebeba abiria kwenda Chunya kupitia milima ya Mbeya, naona hiyo ndiyo marekebisho ya haki kuliko yote. Ila ukiifunga, anza upya na jeti, kubwa kwanza ukishuka polepole, kamwe usianze na ndogo. Na breki za mbele zishughulikiwe siku hiyohiyo, kwa sababu huku kila mpando una mteremko wake.

Sailensa ya namna hiyo, ya mzunguko wa injini, naijali sana. Ekzosi ya kupiga kelele siijali hata kidogo, na usiku inawaamsha wagonjwa na watoto.

Jirani yangu wa bodaboda, kijana ninayemheshimu kwa sababu anaijua injini yake, aliniambia juzi: "Kaka, ungeng'oa hiyo ukaweka injini ya Boxer, ungepumzika. Spea kila kona." Nilimjibu kwamba nusu ya hoja yake ni kweli. Spea za Boxer ziko kila kona Mwanjelwa. Lakini Bajaj wenyewe, wanaotengeneza Boxer, walianza kwa kutengeneza Vespa India kwa leseni ya Piaggio, na bajaji ya magurudumu matatu inayopita hapa mbele yetu imetoka kwenye ukoo wa Ape, chombo cha Piaggio cha mwaka 1948. Kampuni ya LML nayo ilitengeneza PX, ukoo wa P150X yangu, kule Kanpur, India, na spea zao nyingi zinaingia kwenye PX ya Italia moja kwa moja: sahani za klachi, kebo, sili, hata mfumo wa kuwasha bila pointi. Ukiagiza ya India hulipi bei ya Ulaya. Na bushi au kipande cha chuma kisichopatikana, mafundi wa kuchonga pale SIDO wanakichonga ukiwapelekea cha zamani kama kipimo. Vespa ukiikata fremu ili iingie injini nyingine, umepoteza kifaa kilichobuniwa kama kitu kimoja, bodi ikiwa ndiyo fremu yenyewe. Haikatiki ikabaki salama. Marekebisho ninayoyakubali ni yale ambayo kesho mtu anaweza kuyarudisha nyuma, na kila kipande cha asili nilichokitoa nimekifunga kwenye nailoni na kukiandika jina.

Wanaotaka Mtaliano mkubwa huniuliza kuhusu Ducati. Ni mashine nzuri mno, lakini nyingi zina valvu za desmo, yaani zinazofungwa na mkono wa chuma badala ya springi, na kuzirekebisha kunataka vipimo na visahani ambavyo hutavipata kati ya Makambako na Tunduma. Moto Guzzi ya V7, iliyozaliwa Mandello del Lario mwaka 1967, inafaa zaidi fundi wa nyumbani: silinda mbili zimechomoza kulia na kushoto, unapiga goti pembeni, unafungua mfuniko, unapima valvu kwa fila geji. Na inaendeshwa kwa shafti, vumbi la barabara zetu halina mnyororo wa kutafuna.

Kwa anayetafuta Vespa sasa: ulizieni kwa familia za walimu na watumishi wastaafu, Tosamaganga, Tukuyu, Njombe, kabla hazijapelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Usiangalie rangi. Inama, futa tope kwenye kasha la injini karibu na shokapu ya nyuma, usome namba. Ikianza na VLX1M ni injini ya P150X. Kisha shika flaiwili kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi za kranki zimekwisha, punguza bei. Isipocheza, lipa, ipakie, na kitu cha kwanza kununua kiwe sili mbili.